UZI: Kubadili fomati ya picha (HEIC, JPG, PNG, WebP, TIFF) bila kuiharibu picha yenyewe

mtu_wa_steshenari
Wakuu habari za jioni. Nina steshenari hapa Mwanza na msimu wa maombi ya vyuo na ajira ukifika foleni inatoka mpaka nje, sasa kinachokwamisha watu wala sio kujaza fomu, ni picha. Mtu kaja na picha ya pasipoti nzuri kabisa, kapigiwa na iPhone ya shemeji yake, mfumo unaikataa. Mwingine logo ya kikundi chao inatoka na boksi jeusi kwa nyuma. Mwingine ana picha ya marehemu baba yake iliyozunguka kwenye magrupu na kusevuliwa upya upya mpaka uso umebaki miraba mitupu, anataka aikuze aiweke kwenye fremu kwa ajili ya arobaini. Hii ya mwisho inaniuma kuliko zote maana ukiuliza orijino iko wapi unaambiwa ilishafutwa simu ilijaa.

Sasa naomba tuelewane kitu kimoja humu. Fomati sio ile .jpg au .png iliyoko mwisho wa jina, fomati ni namna picha ilivyoandikwa ndani ya faili. Ukibadili fomati programu inaisoma picha yote inaiandika upya kwa kanuni nyingine, na baadhi ya kanuni zinatupa vitu ambavyo havirudi tena. Kwahiyo badilisha pale tu panapohitajika, badilisha mara moja, anzia kwenye orijino, na hiyo orijino usiiguse.

Nianze na JPG maana ndo inaharibu watu wengi. Hii ni ya mwaka 1992 na ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Inaigawa picha vipande vidogo vya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 8 kwa 8, ndani ya kila kipande inaangalia mabadiliko madogo madogo ambayo jicho la mtu haliyashiki vizuri, inayapunguza au kuyatupa kabisa. Rangi inazipunguza zaidi ya mwanga kwa sababu jicho letu kwenye rangi sio kali sana. Ndo maana picha ya megapikseli 12 ambayo ikikaa bila kubanwa inakula kama MB 36 unaikuta kwenye simu ina MB 3 au 4 na macho hayaoni tofauti. Kazi nzuri sana ile, ina zaidi ya miaka 30 na bado ipo kila mahali. Tatizo linakuja pale unapoifungua, unakata kidogo, unasevu, kesho unaongeza mwanga unasevu, keshokutwa unaandika jina unasevu, kila kusevu anagawa na kutupa tena upya. Ile miraba unayoiona kwenye uso wa mtu ndo vile vipande vya 8 kwa 8 vimeanza kuonekana.

Na kwenye maandishi JPG inahangaika zaidi, herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe inazungukwa na vidoti vidoti kama vumbi, kwa sababu ukingo mkali wa herufi ndo kitu ambacho hesabu yake haikipendi.

PNG ya mwaka 1996 haitupi kitu. Ilizaliwa baada ya ugomvi wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, GIF ilikuwa inatumia njia ya kubana ambayo Unisys walikuwa wanaimiliki, mwisho wa 1994 ikatangazwa kwamba watengeneza programu watalipia, watu wakakaa chini wakatengeneza fomati ya kwao ya bure. GIF yenyewe inabeba rangi 256 tu, PNG inabeba mamilioni na inabeba uwazi, yaani sehemu ya picha isiyo na kitu nyuma. Logo, skrinishoti, michoro, cheti kilichoskaniwa, huko PNG. Picha ya harusi ukiiweka PNG itakaa salama ila faili litakuwa zito mara kadhaa bila faida ya kuonekana.

HEIC ndo zile za iPhone, Apple walianza nazo kwenye iOS 11 mwaka 2017, zinakula kama nusu ya nafasi ya JPG. WebP ni ya Google toka 2010, ndo unayokutana nayo ukishusha picha kutoka kwenye tovuti. TIFF nitaigusa kama kuna mtu wa kuskani au kuprinti humu.

Karibuni, maswali yote ruksa.

Kaptula_ya_Jeans
Mkuu uzi mzito huu. Kuna jamaa chuoni alituambia ukiwa na HEIC au WebP wala usihangaike, unabadilisha jina tu mwishoni unaweka .jpg na inafunguka fresh. Na kweli WebP nimejaribu imefunguka kwenye simu. Sasa hapo imebadilika au haijabadilika?

mtu_wa_steshenari
Haijabadilika hata chembe mdogo wangu. Imefunguka kwa sababu programu nyingi za kuangalia picha haziangalii jina, zinaangalia baiti za mwanzo za faili. Jaribu hivi ukiwa kwenye kompyuta, fungua picha kwa Notepad, utaona takataka nyingi ila pale mwanzo kabisa PNG itajitaja yenyewe, utaona herufi PNG. WebP inaanza na RIFF halafu mbele kidogo WEBP. JPG mara nyingi utaona JFIF au Exif. HEIC utaona ftyp halafu heic. Hicho ndo kitambulisho cha faili, jina ni nguo tu.

Sasa mfumo wa maombi ulioandikwa vizuri na wenyewe unaangalia zile zile baiti. Umeandika .jpg ndani kuna WEBP, anakukataa, na ujumbe anaokupa hausemi sababu unasema tu faili sio sahihi, mtu anakesha anajaribu picha ile ile usiku kucha mpaka dirisha la maombi linafungwa. Mifumo mingine inapokea halafu picha haionekani kwa anayepitia maombi, na hii ndo mbaya zaidi maana huna taarifa.

Binti_Makunduchi
Ahsante kaka kwa somo. Mimi napiga picha za harusi hapa Unguja naomba niongezee kidogo kwa wapiga picha wenzangu. Kamera kubwa zinatoa RAW, ya Canon ina CR2 au CR3, Nikon NEF, Sony ARW. Ile sio picha bado, ni kile kilichorekodiwa na kihisi cha mwanga cha kamera kabla hakijapikwa, kina biti 12 au 14 kwa kila pikseli wakati JPG ina biti 8 kwa kila rangi. Maana yake bibi harusi kavaa nguo nyeupe juani na imeungua kidogo (mwanga umezidi), kwenye RAW unaweza ukairudisha nakshi ya shela ikaonekana, kwenye JPG ukishusha mwanga unapata kijivu tu hakuna kitu mle. Kwahiyo sisi tunabadili RAW kuwa JPG mwisho wa kazi, na wateja wanapewa JPG, na RAW tunabaki nazo.

Kuna jambo lingine nalitaka watu walijue, rangi. iPhone toka ya 7 zinapiga kwenye eneo la rangi linaitwa Display P3, ni pana kuliko sRGB ambayo ndo ya mtandaoni na ndo kompyuta nyingi zinaijua. Picha ina kikaratasi ndani kinachosema rangi zangu zisomwe hivi. Sasa ukitumia kibadilishaji ambacho kinakitupa kile kikaratasi bila kuzigeuza rangi zenyewe kwanza, sura zinatoka zimepauka, hina haina wekundu wake, watu wanasema mpiga picha hajui kazi. Ukiwa kwenye programu ya kubadilisha tafuta sehemu imeandikwa convert to sRGB, iwashe.

mtu_wa_steshenari
Hapo umenena dada, na hiyo ya kupauka inaletwa sana dukani kwangu, watu wanadhani printa haina wino.

Mchora_Tisheti
Nami niweke la kwangu maana nachapa tisheti na mabango. Mtu anakuja na logo ya JPG kaichomoa kwenye grupu, KB 30, anataka bango la mita tatu. Haiwezekani kiongozi, yaani hata uibadilishe iwe PNG, iwe TIFF, iwe PDF, pikseli ni zile zile. Kwa A4 tu ya kuangaliwa karibu, kwa dpi (vidoti kwa inchi) 300, unatakiwa pikseli 2480 kwa 3508. Bango la barabarani tunashusha dpi maana linaangaliwa kwa mbali lakini bado logo ya KB 30 haifiki.

Logo inatakiwa ikae SVG au AI (ya Adobe Illustrator) au PDF ya vekta, humo ndani hamna pikseli, kuna maelezo kwamba duara liko hapa, mstari unaanzia pale unaishia kule, ukikuza linachorwa upya safi. Kama huna, Inkscape ni ya bure, nenda Path halafu Trace Bitmap, kwa logo rahisi yenye rangi mbili tatu inatoka vizuri ukiisafisha kidogo. Kwa picha ya mtu usijaribu.

Na rangi zetu sisi ni CMYK (za wino), zenu za skrini ni RGB (za mwanga). Ile kijani ya kung'aa sana na bluu ya umeme kwenye wino haipo, ukibadilisha inashuka. Bora uione imeshuka kwenye kompyuta yako kuliko uione kwenye tisheti 200. PNG haibebi CMYK kabisa, tuletee TIFF au PDF.

HD_Master
Mi nawapinga kidogo. Kuna apu nyingi zinabadilisha JPG kuwa PNG HD na picha inatoka kali kuliko mwanzo na faili linakua kutoka KB 200 mpaka MB 2, sasa kama hakuna kilichoongezeka hizo MB zimetoka wapi??

mtu_wa_steshenari
Swali zuri mkuu, na wengi wanadanganyika hapo. JPG ya KB 200 ikifunguliwa inakunjuliwa kuwa pikseli kamili, zile zilizobaki pamoja na makovu yake ya miraba. PNG inachukua kila pikseli kama ilivyo na kovu lake inalihifadhi kwa uaminifu wote bila kutupa, ndo maana faili ni kubwa. Ukimimina chai ya kikombe kwenye ndoo, ndoo ni kubwa ila chai ni ile ile. Ukali unaouona ni apu imeongeza utofauti wa mwanga na kunoa kingo, na zile za akili bandia zinachora vitu vipya zinavyodhani vilikuwepo. Kwa picha ya maua sio kesi. Kwa picha ya pasipoti au picha ya marehemu mimi naikataa, maana inakutengenezea macho na meno ambayo sio ya yule mtu, familia inaweka ukutani sura ambayo haikuwepo.

Pale ambapo JPG kwenda PNG ina maana ni kama bado unaendelea kuihariri siku kadhaa, ukiweka PNG katikati hautaongeza uharibifu kila ukisevu. Ukimaliza unatoa JPG moja.

Na tuondoe na uzushi mwingine, kuifungua JPG na kuiangalia hakuipunguzi ubora, kuikopi kwenda flashi hakuipunguzi pia. Kinachoipunguza ni kusevu upya baada ya kuifungua kwenye programu ya kuhariri.

Wa_Nakuru
Sasa wadau, niko Nakuru. Niko na picha za HEIC kama elfu mbili za project ya shule ya field, zote kwa laptop ya Windows na hazifunguki. Siwezi fungua moja moja jameni. Nisaidieni.

mtu_wa_steshenari
Karibu ndugu. Windows kuifungua HEIC inahitaji viongezeo viwili kutoka Microsoft Store, HEIF Image Extensions hii ni ya bure, na HEVC Video Extensions ambayo inauzwa pesa kidogo. Ila kwa picha elfu mbili usipite huko. Kuna XnConvert ya bure, unaburuta folda nzima, upande wa Output unachagua JPG, ubora weka 90, hakikisha umeiambia iweke kwenye folda nyingine na ibakize metadata (taarifa za picha kama tarehe na mahali), unaiacha unaenda kunywa chai. IrfanView nayo ipo toka 1996 na ni nyepesi kwa kompyuta za kizamani, kwa HEIC inahitaji plagini.

Kama unaweza kuandika amri, weka ImageMagick halafu ndani ya folda la picha:

magick mogrify -format jpg -quality 90 -auto-orient -path ../jpg *.heic

Lile folda la jpg litengeneze kwanza. Na umakini hapa, mogrify ukiiendesha bila -format na bila -path inaandika juu ya orijino zako, haikuulizi.

Mwenye Mac ana sips (programu ya amri ya kubadili picha) tayari ndani ya mashine, haihitaji kushusha kitu.

Na kwa siku za mbele kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, itakuwa inapiga JPG moja kwa moja. Nafasi itajaa haraka zaidi lakini kama kazi yako kila siku ni kuwapa watu picha, unapata amani.

Wa_Nakuru
Asante sana boss. XnConvert imeanza na inaenda poa, folder ya originals nimeiacha kando.

Mama_Shani
Samahani nauliza mimi sio mtaalam. Mwanangu anaomba chuo, nimeona kuna tovuti nyingi tu za kubadilisha picha bure unapandisha unashusha imekwisha. Kwanini mnahangaika na programu?

mtu_wa_steshenari
Mama yangu shikamoo. Kwa picha ya ua au gari tumia tu haina shida. Lakini watu wanapandisha kule kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na unaziacha kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, nchi usiyoijua, anaweza akasema anafuta baada ya saa moja lakini wewe huna namna ya kuhakiki. Mimi hapa dukani nyaraka za mteja hazipandi kwenye tovuti ya kubadilishia hata siku moja, na nawaomba wenzangu wa steshenari tufanye hivo, watu wanatukabidhi maisha yao.

Kama ni lazima iwe kwenye kivinjari tumia Squoosh, inafanya kazi ndani ya kifaa chako mwenyewe, picha haitoki. Na ukiwa na Windows hata Paint ya kawaida inafungua PNG na kusevu JPG, hiyo ipo tayari kwenye kompyuta.

Nyongeza, picha ya simu inaweza kuwa imebeba mahali ilipopigwa, yaani ramani kabisa mpaka nyumbani kwako. Kubadili fomati mara nyingine kunafuta hizo taarifa na mara nyingine kunazibakiza, inategemea programu. Kabla hujaweka hadharani picha ya mtoto hakikisha zimefutwa, na kabla hujaweka kwenye albamu ya familia hakikisha hazijafutwa maana tarehe ni ya thamani.

Mama_Shani
Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Na ule ukubwa wanaosema isizidi KB kadhaa?

mtu_wa_steshenari
Kila mfumo una kipimo chake soma maelekezo yao. Mfano wa wengi ni ile bahati nasibu ya Green Card ya Marekani, maelekezo yake kwa miaka mingi yametaka JPEG ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600, isizidi KB 240. Watu wanachukua picha ya MB 4 wanashusha ubora tu mpaka iwe KB 240, pikseli bado ni maelfu, uso unajaa miraba. Wewe kata mraba kwanza, punguza pikseli zifike 600, ndo usevu JPG kwa ubora wa 85 au 90, utakuta imeshuka yenyewe bila kuumia.

Mzee_wa_Albamu
Habari vijana. Nina albamu ya mzee wangu, picha za nyeusi na nyeupe za miaka ya sitini, nataka kuziskani kabla mchwa na unyevu havijamaliza. Niskani kwa fomati gani? Skana inanipa JPG, TIFF, PDF na BMP.

mtu_wa_steshenari
Shikamoo mzee. TIFF, tena na mbano wa LZW kama skana inakupa, hautupi kitu. Weka dpi 600. Picha ya sentimita 10 kwa 15 hapo kwa rangi inakuja kama MB 25 kabla ya kubanwa, diski ya nje ya kawaida inabeba maelfu. Hata kama ni nyeusi na nyeupe skani kwa rangi, karatasi za zamani zina njano na madoa ambayo baadae fundi akitaka kuyasafisha anayatofautisha kwa rangi. TIFF ni ya mwaka 1986 na maktaba kubwa kama Library of Congress ya Marekani bado wanaitegemea kwa picha walizoskani, kwahiyo itafunguka hata kwa wajukuu. Kisha kutoka kwenye hizo TIFF unatoa nakala za JPG za kutumia ndugu kwenye simu. Zikituchanganya au zikiharibika tunarudi kwenye TIFF tunatoa nyingine.

PDF ya skana usiiamini kwa picha, nyingi zinabana JPG ndani yake kwa ubora wa chini na hazikwambii. Na uandike majina ya waliomo kwenye picha wakati wewe bado unawajua mzee, hiyo hakuna programu itakayoirudisha.

Mzee_wa_Albamu
Marahaba. Nitaanza Jumamosi na binti yangu.

Kaptula_ya_Jeans
Nimerudi wakuu. Nimeibadilisha HEIC yangu vizuri kabisa kwenda JPG, mfumo umeipokea, ila sasa inaonekana imelala ubavu wakati kwenye simu imesimama. Nini tena hii?

Binti_Makunduchi
Hiyo ni taarifa ya mwelekeo. Simu haiigeuzi picha inapopiga, inaandika tu pembeni kwamba ikionyeshwa izungushwe nyuzi 90. Programu nyingine inaisoma ile taarifa, nyingine haiisomi. Kwahiyo kwenye simu iko sawa kwenye mfumo imelala.

mtu_wa_steshenari
Ndo kazi ya ile -auto-orient niliyoiweka kwenye amri ya ndugu wa Nakuru, inazigeuza pikseli zenyewe halafu taarifa inaandikwa upya kwamba hakuna kuzungusha. XnConvert nayo ina kitendo cha kuzungusha kwa kufuata Exif (zile taarifa zilizoandikwa ndani ya picha), kiweke kwenye Actions kabla ya kubadilisha. Rudi kwenye HEIC yako ya mwanzo, usianzie kwenye hiyo JPG, badilisha upya ukiwa umekiwasha.

Na kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu kuunganisha JPG za vyeti ziwe PDF moja bila kupoteza ubora. Tumia img2pdf, inaiweka JPG ndani ya PDF kama ilivyo bila kuisevu upya. Usiprinti kwenda PDF, hapo inaweza ikabanwa tena au ikapunguzwa pikseli, muhuri wa chuo ukawa hausomeki.